Aliyeitoboa Shilingi Yangu

Tuanze na hili, tusije tukapotezeana wakati: sarafu zangu sikuzitia dawa. Hazikufukizwa ubani, hazikulazwa makaburini, hazina jini wala mtoto wa jini. Nimelisema hili Wete, nimelisema Mtambile, nimelisema Micheweni mbele ya skuli nzima na mwalimu mkuu wake. Na bado wiki iliyopita kijana mzima, ana ndevu na simu mbili, amekaa barazani kwangu, amekunywa kahawa yangu, kisha akaniinamia sikioni: "Mzee, nipe ile siri ya sarafu. Ile yenyewe." Nikamwambia siri ni mikono. Akacheka, akanikonyeza jicho, kama kwamba sisi wawili tumekubaliana kuficha kitu. Nilimnyang'anya kikombe kahawa haijesha, nikamwonesha njia.

Ndiyo maana naandika. Kila Sikukuu ikikaribia mnanijia mmoja mmoja, mnataka niwafunze mazingaombwe na niwaachie shilingi zangu nne kabla sijafa. Nimechoka kujibu mlangoni. Majibu yote nayaweka humu, na mkisoma mpaka mwisho mtajua shilingi zimekwenda wapi. Msije tena kuziulizia.

Kwa wasionijua, mimi ndiye niliyekuwa nikifanya mazingaombwe kisiwani hapa kabla magoti hayajanikataa. Nimecheza kwenye viwanja vya Sikukuu, harusini, maskulini, na kwenye sherehe za kufungua matangi ya maji ambazo mgeni rasmi hafiki. Wenzangu walikuwa na karata, vitambaa na njiwa. Mimi sarafu tu. Shilingi nne zinaingia mkononi, zinapotea moja moja, zinarudi moja moja zikitoka nyuma ya sikio la mwalimu mkuu, na watoto wanaanguka kwa kicheko kwa sababu ni sikio la mwalimu mkuu. Mikono nilifundishwa na mtu mmoja wa Tanga aliyekwama Wete akingoja injini ya boti yake itengenezwe. Alinifundisha kwa vizibo vya soda. Injini ikapona, akaondoka, na jambo kubwa kuliko yote hakuniambia: uchezee sarafu gani.

Nyinyi mnadhani sarafu yoyote inafaa. Wengine mmekwenda mbali zaidi. Mmoja aliniletea sarafu aliyoagiza kwa simu kutoka nje, imekatwa katikati na kutiwa mpira ndani, inakunjika ikaingia kwenye chupa. Akanionesha kwa fahari. Nikamwambia, "Mpe yule mtoto pale aishike." Akasita. Hakuweza. Basi hiyo si sarafu, hiyo ni toi. Sarafu ya kazi ni ile unayompa mtu yeyote uwanjani aigeuze, aing'ate, aigonge ukutani, akurudishie, na bado uipoteze machoni pake. Ukiogopa kuitoa mkononi mwako, wewe ndiye uliyefungwa.

Sikilizeni basi. Weka sarafu katikati ya kiganja, kunja kidogo kama aliyeshika yai. Ukingo mmoja ukae kwenye nyama ya kidole gumba, wa pili ukae chini ya kidole cha pete. Geuza mkono. Ikianguka, ni ndogo mno au imelika meno. Isipoanguka lakini vidole vimekakamaa, ni kubwa mno, na mkono uliokakamaa husema. Mkono wenye kitu ufanane na mkono usio na kitu. Hiyo ndiyo kazi yote, yaliyobaki ni maneno ya uwanjani.

Sasa chukueni sarafu zenu za leo. Mia tano yenye nyati ina upana mzuri, sikatai. Lakini ni chuma kilichopakwa rangi ya heshima. Toeni sumaku kwenye spika ya redio mbovu muone inavyoirukia. Ikiwa mpya inateleza kama kipande cha sabuni, na ikikutoka ikagonga saruji, waliolala wanaamka. Mia mbili ya simba ni nene, na kwa mkono wa mtu mzima ni ndogo. Hamsini ina pembe, na nani anakaa kuficha kitu chenye pembe? Na hata hizo mtazipata wapi? Watu wanalipana kwa simu. Mkono wa Idi, yaani senti za watoto za Sikukuu, ambao tulikuwa tunaufuata nyumba kwa nyumba na kanzu mpya, tukarudi mifuko inalia, siku hizi unarushwa kwa simu kwa baba mtu. Mtoto anaoneshwa meseji. Mtoto gani atachezea meseji?

Mimi nilichagua shilingi ya mwenge, ile ya zamani, upande mmoja kichwa, upande wa pili mkono ulioshika mwenge. Ni pana, nyembamba, ukingo una meno, na sumaku haiijui. Lakini usidhani shilingi zote za mwenge zilikuwa ndugu. Za Micheweni zilikuwa na chumvi, zimekaa mifukoni mwa wavuvi mpaka zimeota vidoa vya kijani na ngozi inazikataa. Zilizokaa sana mjini zilikuwa zimelika, laini, hazishiki. Nzuri zilitoka mashamba ya karafuu, na hasa msimu. Wanaochambua karafuu mikono yao hugeuka myeusi, na weusi ule una mafuta na unanata. Shilingi iliyopita mikononi mwao msimu mmoja ilikuwa inakaa kiganjani kama imezaliwa pale. Wenzangu walikuwa wakizipata hizo wanazisugua kwa ndimu na jivu zing'ae. Walikuwa wanaosha kazi ya bure waliyofanyiwa na wachambuaji!

Halafu mlio. Unahitaji nne zinazolia sauti moja, kwa sababu uwanjani watu husikiliza kuliko wanavyotazama. Moja ikilia vingine, mtoto wa nyuma kabisa atajua imebadilishwa. Kwa hiyo hutafuti sarafu nne. Unatafuta moja, kisha unatafuta dada zake watatu, na hao wametawanyika kisiwa kizima katika makopo ya chenji.

Hivyo ndivyo nilivyofika Mtambile, dukani kwa Mzee Hamad, nikiwa na shilingi mbili zilizolingana na ninaitafuta ya tatu. Wakati huo shilingi ya mwenge ilikuwa imeanza kudharauliwa, wenye maduka wanazitupia kopo. Nikamwomba Mzee Hamad anifungulie lake. Alikuwa mtu mwema, akalimwaga lote juu ya kaunta. Na mimi kwa bidii yangu ya kijinga nikafumba macho, kwa sababu jicho linadanganyika na kidole hakidanganyiki. Nikawa napitisha kidole kwenye ukingo wa kila moja, naigonga juu ya jiwe la mizani, naiiga ile sauti yake kwa midomo nisije nikaisahau, naiweka kando, nachukua nyingine. Nitazameni nilivyokuwa: mgeni, macho nimefumba, midomo inacheza, mikono yote miwili imo ndani ya pesa za mtu.

Mnajua wenyewe chuma ulete. Kama yupo asiyejua, ni ule uchawi unaosemwa kwamba mtu hupitisha mkono kwenye pesa zako, na yeye akishaondoka pesa humfuata, jioni unafungua droo unakuta upepo. Duka likifilisika kwa kuwakopesha mashemeji, husemwa ni chuma ulete.

Mama mmoja alikuwa amekuja kununua sukari. Akapiga ukelele: "Hamad! Wee Hamad! Huyo ntu anakusomea pesa zako!"

Nilifumbua macho nikakuta mlango umejaa. Hawakunipiga, nasema kweli, lakini walinishika kanzu mbele na nyuma wakanipeleka kwa sheha. Nikajieleza. Mimi mfanya mazingaombwe, nacheza na sarafu, natafuta inayofanana na hizi mbili. Sheha akanisikiliza kwa utulivu, akasema, "Kama mchezo, basi hebu tuchezee."

Nikafurahi. Hilo ndilo linalonitia hasira mpaka leo, kwamba nilifurahi. Nikachukua shilingi moja, nikaifumba mkononi, nikapuliza, nikafumbua. Hamna. Baraza zima likarudi nyuma. Hapo ndipo nilipofahamu nimefanya nini: nimeshitakiwa kwa kupoteza pesa za watu, na utetezi wangu ni kupoteza pesa mbele ya sheha.

Haraka haraka nikafanya jambo ambalo fundi wangu wa Tanga angenikata vidole kwalo. Nikafumbua mkono wa pili. "Hii hapa! Ilikuwa huku muda wote! Tazameni, naishika hivi, kwa nyama ya gumba." Nikawarudia taratibu, nikawaonesha kila kidole kilipokaa. Kazi ya mwaka mzima, kifundo cha mkono kimevimba usiku na mchana, nikaimwaga bure pale chini.

Mzee Hamad akaitazama ile shilingi, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Hata," akasema. "Hino nyengine. Ile yenyewe ishakwenda."

Sheha akaniacha nende zangu kwa sharti nisirudi. Tangu siku ile, nikipita upande wa kusini, droo za maduka ziliwekwa ndimu na kipande cha mkaa. Lakini mnajua kilichoniuma si kuitwa mchawi. Hapa kwetu nani hajaitwa mchawi? Kilichoniuma ni kuwa niliwaonesha kazi yangu mikononi mwangu, wakaitazama kwa macho yao, wakampa sifa jini. Jini ambaye hajafanya mazoezi hata siku moja! Fundi seremala akikutengenezea kitanda, humwambii kitanda kimejileta.

Aliyeniokoa ni Bi Kanta. Alikuwa mjane wa sonara, Mhindi aliyezaliwa Wete na kuzeeka Wete, na Kipemba chake kilikuwa kizito kuliko changu. Aliendesha karakana ya mumewe peke yake. Watu walikuwa wakimletea riale na mikufu ya bibi zao ayeyushe, na shilingi za mwenge zikija humo kwa bahati mbaya alizitupa ndani ya gudulia, kwa kuwa hazina fedha ndani yake na sonara hana haja nazo. Akaniruhusu nikae sakafuni na gudulia. Nilikaa siku nyingi sana.

"Yakhe," aliniambia mara moja, miwani iko puani, "weye wachagua sarafu ama wachagua nke? Mana hata nke hachaguliwi hivyo."

Ni yeye aliyenifundisha kuacha kugonga sarafu juu ya jiwe. Ishike kwenye ncha ya kidole, ilale yenyewe, kisha iguse kwa ukingo wa nyingine, polepole, karibu na sikio. Nzima hulia ikaendelea. Yenye ufa ndani husema mara moja ikanyamaza. Ya tatu niliipata gudulini. Ya nne nimeitafuta mpaka nikakata tamaa, na ilikuwa muda wote chini ya mguu mfupi wa meza yake ya kazi, imewekwa isawazishe meza. Niliisikia alipoegemea. Akaniachia niichomoe, akaweka kizibo pale, na meza ikayumba mpaka alipokufa. Hakuwahi kuniuliza ina dawa gani. Alikuja Sikukuu moja kunitazama, akasimama nyuma na sari yake, na nilipomaliza aliniambia mkono wa kushoto umechelewa. Nililia kwa furaha njiani. Mtu mmoja kisiwa kizima ameona kuwa ni mkono.

Sasa nije kwa dada yangu.

Bi Time ni mdogo wangu, tumekaa nyumba moja tangu wake zangu na mumewe walipotutoka. Ni mshonaji. Makoti yangu yote ya kazi ameshona yeye, kanzu zangu ameshona yeye. Kila Sikukuu alikaa mbele. Siku niliyorudi kutoka Mtambile, ndiye aliyenikandia kifundo kwa maji ya moto na kuwalaani wote. Kama ungeniuliza ni nani duniani anayejua kuwa sina dawa, ningemtaja kabla hujamaliza kuuliza.

Nilikuwa nimeapa kwamba zile nne atazirithi mmoja tu, yule ambaye nafsi yake inajua kuwa ni mikono. Sitaki msanii. Sitaki mwenye wafuasi. Nataka mtu mmoja ambaye, nikishazikwa, hatasema "zile sarafu za mzee zilikuwa na mambo." Nilizifunga kwenye kitambaa, nikaziweka ndani ya kasha, na kila nikizifikiria nilikuwa na amani.

Mwaka huu, siku chache kabla ya Idi, nilifungua kitambaa nizitie mafuta ya mkono kidogo, maana sarafu isiyoshikwa husahau. Nikakuta tatu.

Niliitafuta nyumba nzima. Niliinua mikeka. Nilimshuku yule wa ndevu na simu mbili, nikamtukana kimoyomoyo, na namwomba radhi kwa hilo tu, si kwa mengine. Jioni akaja Raya, mjukuu wa Bi Time, ana miaka sita, anakaa nasi. Alikuwa anaruka kamba uani. Na kila akiruka, kifuani pake kinachomoka kitu kutoka ndani ya gauni.

Shilingi yangu. Imetobolewa juu ya kichwa, imepitishwa uzi mweusi, imekuwa hirizi.

Nikamwita Bi Time kwa sauti ambayo sijaitumia tangu tulipokuwa vijana.

"Nani kaitoboa?"

"Fundi baiskeli," akasema, hana hata wasiwasi. "Mtoto kapata degedege, umesahau? Weye ulikuwa Chake Chake kutibiwa macho. Nifanyeje mie?"

"Si mlimpeleka hospitali? Si alichomwa sindano akapona?"

"Kachomwa sindano, ndiyo. Na hino kavishwa. Sasa weye wajua kilichomponya ni kipi?"

"Time," nikasema, "ile ni shilingi. Ilikuwa inainua meza ya Bi Kanta. Haina kitu!"

Hapo ndipo aliponiua. Akaweka chini kitambaa alichokuwa anakipinda, akanitazama kama mtu aliyechoka kutunza siri ya mwenzake.

"Kaka," akasema, "makoti yako n'nayashona mie. Mfuko wa siri haumo, nnajua mie kuliko ntu yeyote. Mkononi hamna, mfukoni hamna. Basi zilikuwa zikenda wapi miaka yote hiyo, kama si kwao?"

Kumbe yeye, aliyekuwa na ushahidi wa pekee kuwa sidanganyi kwa nguo, ndiye aliyekuwa na hoja kubwa kuliko wote kuwa nina jini. Kila Sikukuu, pale mbele, alikuwa ananipigia makofi huku akiniogopa. Nilimwambia maneno makali. Nilimwambia hata Mzee Hamad alikuwa bora, yeye angalau hakula na mimi sahani moja. Akalia, akaingia ndani, akafunga mlango. Sikujuta, na mpaka naandika haya bado nina hasira naye. Sarafu iliyotobolewa imekufa. Mlio wake umepasuka, tundu linakwaruza ngozi, na mtu wa nyuma kabisa anaiona kuwa si ndugu wa wale watatu. Nne zimekuwa tatu, na ya kuziba pengo haipo tena, Bi Kanta kafa na gudulia sijui liko wapi.

Nikabaki uani na mtoto. Raya alikuwa amesimama na kamba yake, anadhani amefanya kosa. Nikamwita. Nikamvua ule uzi shingoni taratibu, nikachomoa shilingi. Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Labda mkono wenyewe ulitaka. Niliiweka kiganjani, nikaifumba, nikapuliza, nikafumbua. Hamna.

Nilingoja lile jicho. Nimeliona maisha yangu yote, jicho la kurudi nyuma.

Raya hakurudi nyuma. Hakuutazama hata ule mkono uliofumbuka. Aliutazama wa pili, uliokuwa umelala juu ya goti langu, akainamisha kichwa upande, kama anayetazama samaki sokoni.

"Mkono huno umekufa, babu," akasema. "Imo humo."

Nikamwambia haimo. Nikamwambia imekwenda kwa majini.

"Uongo," akasema, akanishika kidole gumba akaanza kukifungua kwa nguvu zake zote. "Fumbua! Fumbua nione ulivyoishika!"

Nilifumbua. Akaiangalia ilivyokaa, nyama ya gumba huku, chini ya kidole cha pete kule. Akaichukua, akajaribu kuiweka kwenye kiganja chake. Ikaanguka. Akaiokota, akaiweka tena. Ikaanguka. Haikumpitikia hata kuniuliza ina nini ndani.

Niliinuka na magoti yangu mabovu, nikaingia ndani, nikaupita mlango wa Bi Time, namsikia analia, nisimsemeze, nikafungua kasha, nikarudi na kitambaa, nikamwekea Raya zile tatu mapajani.